Moyo mzito na sindano ya nguvu

Rafiki yangu mmoja, nahodha, alinijia dakani usiku baada ya Isha. Alingoja hadi wawili waliokuwa wamekaa nasi waage, ndipo akatoa mfukoni mwa koti karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya maabara. Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu: testosteroni, yaani homoni ya kiume, 9.2. Chini yake daktari wa kliniki moja ya kibinafsi huko bara alikuwa ameandika jina la sindano na maneno mawili, "wiki tatu". Nahodha ana miaka 54. "Wewe umesoma," akaniambia. "Nidungwe au nisidungwe?"

Mimi si daktari. Nilifundisha bayolojia miaka mingi hapa Lamu, na tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuletewa karatasi: za presha, za sukari, mara nyingine hata za mirathi, ingawa hizo huwa nazirudisha kwa kadhi. Hii ilikuwa ya kwanza ya aina yake. Niliisoma mara mbili kabla ya kuona kilichonishtua, na hakikuwa ile 9.2. Ilikuwa saa iliyochapwa juu pembeni: 15:40. Damu ilitolewa saa tisa na dakika arubaini alasiri.

Hiyo saa nitairudia. Kwanza nilimuuliza nini kilimpeleka kliniki. "Nguvu zimeniishia." Nguvu zipi? Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jina la mama yake. Ilichukua kahawa tatu kupata mengine. Analala saa mbili, akizidisha tatu. "Mato yako wazi hata alfajiri". Chakula hakina ladha. Kushuka gatini kuangalia chombo chake anaona kama kupanda mlima. Harusi ya jirani yake ukuta kwa ukuta hakwenda. Mkewe amehamia chumba cha watoto, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Siku moja, akiwa peke yake mashuani upande wa Manda, machozi yalimtoka na hakujua yanatoka wapi. Hilo la machozi alilitaja mwisho, upesi, kama mtu anayetaja deni. Neno huzuni halikutoka kinywani mwake hata mara moja.

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote. Kiswahili chetu kimempa mwanamume neno moja, nguvu, kisha kikalibebesha kila kitu: misuli, hamu ya kitanda, heshima ya nyumbani, hata pesa. Mwanamke wa hapa akisema moyo wangu mzito, mashoga zake wanajua la kufanya. Watakuja, watakaa, watapika. Mwanamume akisema hivyo ataulizwa kama amerogwa. Akisema amefungwa, ataletewa wa kumfungua. Akisema hana nguvu, mji mzima una jibu: supu ya pweza ya kikombe jioni, karanga, tangawizi, na vile vidonge vya buluu vinavyouzwa kimya kimya. Sonona, neno la wahariri na wataalamu kwa huzuni iliyogeuka ugonjwa, mitaani kwetu halitamkwi. Watu husema "ana mawazo". Na mwanamume mwenye mawazo haonekani mgonjwa. Anaonekana mvivu mwenye adabu.

Sindano ya homoni imeingia kwa mlango huo. Inampa mwanamume ugonjwa anaoweza kuutaja mbele ya wenzake, wenye namba, wenye dawa inayoingia kwa sindano kama dawa yoyote ya kiume. Wengine wanaidharau kwa sababu hiyo hiyo. Mimi siidharau. Lakini naona inajibu swali ambalo mara nyingi bado halijaulizwa.

Hamu ya kurudisha ujana kwa sindano ni ya zamani kuliko sayansi yenyewe. Mwaka 1889, mjini Paris, tabibu Charles-Édouard Brown-Séquard, mwenye miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za simbilisi, akatangaza kuwa nguvu zimemrudia. Yale maji hayangeweza kuwa na homoni ya kutosha kumfanya chochote. Alichopata ni matumaini. Testosteroni yenyewe ilitengenezwa maabara mwaka 1935, na miaka minne baadaye Adolf Butenandt na Leopold Ružička wakatajwa kwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hiyo siku hizi dawa ni ya kweli. Matumaini nayo hayakuondoka, ndiyo maana kila jaribio linalofaa kusomwa huwapa nusu ya watu jeli au sindano isiyo na kitu ndani.

Sasa ile saa. Testosteroni hutengenezwa korodanini kwa amri ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Amri hiyo hupanda mtu akiwa usingizini, kwa hiyo kiwango huwa juu asubuhi na huteremka kadiri siku inavyokwenda. Kwa kijana, cha alasiri kinaweza kupungua kwa robo. Kwa mtu wa makamo tofauti ni ndogo zaidi, lakini ipo. Kula nako hukishusha. Ndiyo sababu miongozo ya madaktari wa homoni wa Marekani ya mwaka 2018 inataka damu itolewe asubuhi, mtu hajafungua kinywa, kisha ipimwe tena siku nyingine kabla ya mtu yeyote kuitwa mgonjwa. Waingereza wana kawaida yao: chini ya nanomoli 8 kwa lita, tibu, juu ya 12, tafuta sababu nyingine, hapo kati, jaribu kwa tahadhari. Wataalamu wa njia ya mkojo wa Marekani wameuweka mstari wao karibu na 10.4. Nahodha wangu, kwa 9.2 ya alasiri, ameshiba wali wa nazi, baada ya usiku wa kukesha, angeweza kuwa popote kati ya hizo.

Na kukesha si jambo dogo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wazima saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, wakaona testosteroni yao ya mchana imeshuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu. Sonona humnyima mtu usingizi kwa miezi. Basi huenda homoni imeshuka kwa sababu ya sonona, na daktari akaisoma karatasi kinyumenyume, akadhani sonona imekuja kwa sababu ya homoni. Unene unafanya vilevile, na kisukari, na kule kukoroma kwa pumzi zinazokatika usiku. Homoni iliyo chini mara nyingi ni moshi, na mtu hudunga moshi akauacha moto.

Hata hivyo wanaoitetea sindano wana hoja, na si wauzaji peke yao. Wapo wanaume ambao korodani zao zimeumia, kwa ugonjwa au kwa ajali, au pituitari yao ina uvimbe, na kiwango chao kiko chini kweli kweli. Hao huchoka, hupoteza misuli na hamu, na moyo huwaanguka. Kuwapa homoni ni sawa na kumpa insulini mwenye kisukari; kumwambia mtu kama huyo akaze moyo ni ukatili. Kisha mwaka 2019 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 27 yenye wanaume 1,890, na kwa jumla waliopewa testosteroni dalili zao za sonona zilipungua zaidi ya waliopewa dawa isiyo na kitu. Hofu ya ugonjwa wa moyo nayo imepungua. Jaribio kubwa liitwalo TRAVERSE, la wanaume zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, wote wakiwa na homoni chini na hatari ya ugonjwa wa moyo, lilitoa matokeo yake mwaka 2023: mashambulio ya moyo na kiharusi hayakuwa mengi zaidi kwa waliopata homoni.

Hoja yao nzito zaidi, kwa maoni yangu, haimo katika majaribio hayo. Imo kitandani. Fluoksetini, dawa ya sonona ambayo hospitali zetu nyingi huanza nayo, inajulikana kwa kupunguza hamu na kumchelewesha mwanamume. Sasa fikiria nahodha amekuja na shida ya chumbani, shida pekee anayoweza kuitaja, wewe unampa kidonge ambacho kitamsaidia kila mahali isipokuwa hapo, na hapo pengine kitamharibia. Ukisikia pakiti imetupwa baharini, usimlaumu. Wauguzi wengi hawalisemi jambo hili kwa aibu, hasa muuguzi akiwa msichana na mgonjwa akiwa na rika la baba yake. Zipo dawa nyingine zisizoathiri sana upande huo, mirtazapini mojawapo, lakini mtu ataipataje kama hakuuliza wala hakuulizwa?

Upande wa pili una uzito zaidi, na uzito wenyewe unaonekana ukizisoma tafiti moja moja badala ya kuhesabu vichwa. Mwaka 2003 Harrison Pope wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwapa jeli ya testosteroni wanaume wenye sonona iliyokataa dawa na homoni iliyo chini au mpakani. Walikuwa 22. Matokeo yalileta furaha kubwa. Mwaka 2010 kundi lake likarudia kwa wanaume 100, na safari hii jeli haikuishinda ile isiyo na dawa. Ule uchambuzi wa majaribio 27 nao una jambo ndani yake: nafuu ilionekana zaidi katika majaribio yaliyotumia dozi kubwa, zaidi ya nusu gramu kwa wiki, mara kadhaa ya ile anayopewa mtu wa kurudishiwa tu kilichopungua. Na TRAVERSE yenyewe, walipochunguza hali ya hisia na akili, waliona nafuu ya hisia na nguvu za mwili, lakini ndogo, usingizi haukubadilika. Ndogo si sifuri. Lakini nahodha hakuambiwa ndogo. Aliambiwa "utarudi kijana".

Kuna pia suala la wangapi wanaihitaji kweli. Utafiti wa Ulaya wa kuzeeka kwa wanaume, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79, ulipoweka sharti la dalili tatu za kitandani pamoja na homoni iliyo chini, ukawapata kama asilimia 2 tu. Wenye uchovu na huzuni bila hizo nyingine walikuwa wengi, na uchovu wao haukufungamana vizuri na homoni. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziandike wazi kuwa dawa hizi hazikuthibitishwa kwa homoni inayopungua kwa uzee peke yake. Huko ndiko matangazo ya televisheni yalikoanzia. Sisi tunayapata sasa, kwenye simu, yakiwa yametafsiriwa vibaya.

Madhara nitayataja kwa haraka kwa kuwa yanajulikana: damu kuwa nzito, chunusi, matiti kuuma, tezi dume kuhitaji kuangaliwa. TRAVERSE yenyewe, pamoja na habari njema ya mashambulio ya moyo, ilionyesha mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yakiwa mengi zaidi, na damu kuganda mapafuni. Uchambuzi wake wa baadaye ukaonyesha hata mivunjiko ya mifupa imezidi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Sindano za muda mfupi zina tabia yake pia. Siku za mwanzo mtu yuko juu, anacheka, ana hamu. Kuelekea siku ya sindano inayofuata anaanguka, na kwa mwenye sonona kuanguka huko si mchezo. Jeli ya kupaka haina mawimbi hayo, lakini inaweza kumwambukiza mke na mtoto anayekumbatiwa.

Lakini dhara moja nataka kulikalia, kwa sababu ni la kwetu hasa. Nahodha ana mke wa pili, miaka 31, ambaye bado hajazaa. Nusu ya shinikizo lililomfikisha kliniki lilikuwa hilo. Mama mkwe alishaanza kuuliza kwa mafumbo. Na hakuna aliyemwambia kuwa testosteroni ya sindano hukausha mbegu. Pituitari ikiona homoni imejaa damuni, huacha kutuma amri, na korodani zikikosa amri hulala. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano hizo hizo, kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango ya wanaume, na zikafanya kazi. Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwanamume anayetaka nguvu ili apate mtoto, akajidunga kitu kinachomzuia kupata mtoto! Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka mwaka huo. Zipo dawa, klomifeni kwa mfano, zinazoiamsha pituitari badala ya kuilaza, na mwenye kutaka mtoto anapaswa kuzisikia kabla ya sindano.

Tukitoka kwenye damu, kuna huzuni zenye sababu, na sababu hizo haziko korodanini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya kuharibu maeneo yao ya uvuvi. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mtu aliyejua kila mkondo na kila mwamba tangu akiwa na miaka kumi, akaambiwa sasa mahali pake pamechimbwa, hana ugonjwa wa homoni. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya marufuku ya kuvua usiku kwa sababu za usalama. Nahodha wangu alipoteza safari, akauza chombo kimoja kati ya viwili. Sijasema kila sonona ina sababu ya nje. Nyingine huja mtu akiwa na kila kitu. Lakini daktari asiyeuliza habari za kazi amepima nusu ya mgonjwa.

Miraa ni nusu nyingine. Nahodha hula tangu alasiri hadi usiku wa manane, na anapolalamika hana usingizi huwa bado ana jani mdomoni. Miraa humpandisha mtu kisha humshusha, huua hamu ya kula, na usingizi unaokosekana tumeshaona unavyoishusha homoni. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka, aina ya miraa, na kukawa na vurugu ya maneno, mahakama na siasa. Mimi sishabikii marufuku; nasema tu mtu asipimwe homoni kabla hajalala wiki mbili bila miraa. Vijana wa jimu wanaojidunga steroidi kwa ajili ya kifua nao wana habari yao: wakiacha ghafla, mwili umelala, na moyo huanguka vibaya. Sindano inaweza kuiponya sonona au kuileta.

Masheikh wetu wamegawanyika, lakini si kama watu wa nje wanavyodhani. Wapo wanaosema huzuni ni udhaifu wa imani. Wapo wengi zaidi, na hawa ndio wanaosoma vizuri, wanaokumbusha kuwa Mtume alifundisha dua ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, yaani aliijua, na kwamba aliamuru watu wajitibu. Nahodha aliambiwa na sheikh wa mtaa asome ile dua na aende hospitali, yote mawili. Sheikh huyo sijamkuta akitajwa kwenye mjadala wowote, na yeye ndiye aliyetoa ushauri bora kuliko kliniki.

Hospitali gani, kwa tiba gani? Zimbabwe wana benchi. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha nyanya wa mitaani kukaa kwenye benchi la mbao na mtu mwenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo" yetu. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, lilionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida. Watu husikia hivyo wakasema: sisi tuna baraza tangu enzi za mababu, tumeshafika. Hapana. Barazani mtu anasikilizwa na watu sita, na mmoja wao ni shemeji ya mkewe. Lamu siri hukutangulia nyumbani kabla hujavuka mtaro. Benchi la Zimbabwe lina mtu mmoja, ana mafunzo, na ananyamaza. Tunachokosa ni huyo wa kunyamaza.

Nahodha nilimsindikiza hospitali nyingine. Muuguzi wa afya ya akili alimuuliza yale maswali tisa yanayotumiwa duniani kote kupima sonona katika wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Alijibu manane kama anayetoa ushahidi kortini. La tisa, la kuwaza heri afe, alilikalia. Nje, kwenye mbao za dirisha, kulikuwa na punda akila boksi la karatasi, na sote watatu tukamtazama yule punda. Kisha akasema, "Siku kadhaa." Huenda watu wa rika letu hukaa kimya hapo kwa sababu nyingine pia: kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu iliposema kinakwenda kinyume cha Katiba. Muuguzi hakushtuka. Aliuliza kama ana mpango, akauliza nani yuko nyumbani, akampa namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo ni bure, akamwambia aipige hata saa nane usiku. Kisha akajumlisha: 16. Hiyo ni sonona ya kutosha kutibiwa, homoni iwe juu au chini.

Damu ya asubuhi ilitolewa baadaye, baada ya siku za bila miraa, mara mbili kwa wiki mbili tofauti. 12.8, kisha 11.9. Ningependa ziwe 18 ili nimalize makala hii kwa ushindi, lakini hazikuwa. Moja iko juu ya mstari wa Waingereza, nyingine chini yake kwa nywele. Sukari yake ndiyo iliyokuwa juu waziwazi, na hakuna aliyekuwa ameipima. Daktari alianza na sukari, uzito, na dawa ya sonona, akamwambia wazi habari ya kitanda, na homoni ikawekwa kwa miezi sita ndipo ipimwe tena. Wiki ya saba sasa. Analala saa tano. Amekwenda harusi moja, akakaa hadi mwisho. Mkewe bado yuko chumba cha watoto. Ikiwa miezi sita ikipita, sonona imetoka, mtoto amepatikana au wameamua vingine, na homoni imeshuka chini ya 8 asubuhi mbili, mimi mwenyewe nitamwambia adungwe.

Kuna kundi moja ambalo kwao ningebadili mpangilio huu, nalo hulisikii likitajwa tunapogombana juu ya sindano. Ni vijana wa Malindi na Lamu waliotoka kwenye unga. Dawa zote za jamii ya afyuni, heroini, ambayo ndiyo unga, na hata methadoni, dawa wanayopewa ili wauache, hukandamiza ile amri ya pituitari, na mwanamume anayezitumia kwa miaka homoni yake inaweza kushuka hadi chini kabisa. Buprenofini, dawa nyingine ya tiba hiyo, haikandamizi kwa kiasi hicho. Kijana mmoja niliyemfundisha kidato cha pili yuko kwenye methadoni mwaka wa nne. Hajarudia unga. Ana miaka 34 na ananiambia mwili wake ni wa mzee, ndevu hazikui kama zamani, hana hamu ya mke wala ya mpira, na siku nyingine anaona afadhali ule wakati wa unga kwa sababu angalau alikuwa anataka kitu. Akiambiwa ni mawazo tu, anaweza kurudi kule. Kumpunguzia methadoni bila daktari ni kumsukuma arudi. Kwake yeye homoni ni swali la kwanza, na sonona iulizwe pamoja nayo, siku hiyo hiyo.

Na kupima kwake hakuhitaji basi la kwenda Mombasa. Methadoni hunywewa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku, na wengi huwahi asubuhi ili wawahi vibarua. Kijana huyu tayari yuko hospitali, mara nyingi kabla ya chai, katika saa ile ile ambayo damu ya testosteroni inatakiwa itolewe.